Mtunza Nondo wa Matombo

Kasiani alikuwa mtu wa kunyoosha vitu. Bawaba ya mlango ikilegea, aliikaza. Mgomba ukiinama kwa uzito wa mkungu, aliukatia mti wa kuuegemeza kabla mwenye shamba hajaamka. Hata kanisani misheni, watu wakimsubiri padri, yeye alilisukuma benchi kwa goti mpaka liende sambamba na la mbele yake, na wanawake wa kwaya wakamcheka chini kwa chini. Kwa tabia hiyo lukolo, yaani ukoo wa upande wa mama, ulimchagua kuwa mkubwa baada ya mjomba wake Kondo kufariki. Na kwa tabia hiyo hiyo bonde la dada yake Martina lilikosa wa kuliokoa.

Nyumba yake ilikuwa juu ya misheni ya Matombo, pale barabara inapochoka na kugeuka mfereji. Kutoka uani uliuona mteremko wote wa lukolo. Juu kulikuwa na msitu, katikati migomba na pilipili manga zilizopanda kwenye miti ya kivuli, na chini kabisa kinamasi. Kinamasi hicho watu walikiita bonde la Martina, kwa kuwa kwa Waluguru ardhi hupitia kwa mama, na Martina ndiye aliyekuwa mwanamke mkubwa wa tumbo lao. Hakikuwa chake cha kuuza. Alikishika kwa niaba ya wanawake wote wa lukolo: magimbi pembeni, mpunga katikati, na kule ambako maji hayakauki, matete na ukindu wa kusukia mikeka. Mvua kubwa ikinyesha, maji yalishuka kwa hasira mpaka pale, yakatawanyika kwenye matete, yakatulia. Kiangazi bonde liliyatoa taratibu, yakiwa safi, na watu wa chini wakayanywa bila kuuliza yametoka wapi.

Mipaka ya ardhi ile haikuwa na karatasi. Ilikuwa na masale, ile mimea ya majani marefu isiyokubali kufa, iliyopandwa na watu ambao majina yao yalitajwa kwenye tambiko tu. Kila mwaka kabla ya vuli mkubwa wa lukolo aliizunguka. Sale lililoinama alilisimamisha, lililofukiwa alilifukua, na lililosombwa na maji alilitafuta mpaka alipate, akalirudisha kwenye shimo lake. Kondo alimfundisha Kasiani kazi hiyo angali kijana, akamweleza kwamba alama ikiachwa ikae kama mvua ilivyotaka, ndugu watakuja kushikiana mapanga. Kasiani hakuruka mwaka hata mmoja.

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ilipoachiwa kila mtu. Duka la ushirika lilifungwa na mizani yake ikaota kutu mlangoni. Malori ambayo zamani hayakuweza kupanda mpaka kule sasa yaliweza, maana kila kitu kilikuwa kimepata mnunuzi. Mkangazi uliokuwa ukitajwa kwa jina la babu aliyeuacha sasa ulitajwa kwa mbao zitakazotoka ndani yake. Vijana waliokuwa wakivua kofia mbele ya mkubwa wa lukolo sasa walimpungia mkono kutoka juu ya magogo, na walijiona wameendelea.

Wa mbele kati yao alikuwa Fidelis, mtoto wa marehemu dada mwingine wa Kasiani, yule ambaye kwa desturi ndiye angemrithi Kasiani. Aliangusha miti ya kivuli na sehemu ya msitu, akalima kabeji na nyanya za kupeleka Morogoro Mjini, mistari yake ikishuka mlima moja kwa moja kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Kasiani aliitisha kikao. Vijana walifika wamechelewa na wakakaa karibu na mlango. Alipowaeleza kwamba miti ile iliachwa kwa sababu, Fidelis alimjibu kwa adabu yote ya mdomoni.

"Mjomba, kivuli hakipelekwi sokoni."

Watu walicheka, na baadhi ya waliocheka walikuwa wazee. Kasiani hakuitisha kikao kingine.

Katika kiangazi kile kilichotangulia mvua za El Nino, alikuja mwalimu wa chuo kikuu aliyeitwa Wilfred. Alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na alimwamkia Martina shikamoo kabla hajaketi, jambo ambalo wageni wa mjini walikuwa wameanza kulisahau. Aliwaeleza kwamba alisomea ng'ambo, kwenye nchi ya pwani inayopigwa na tufani. Huko, alisema, tufani ikipita kila mtu anaona uharibifu, lakini anayeona hawezi kumbishia mwenye fedha. Anayeweza ni aliyepima. Basi wataalamu hupiga picha kutoka kwenye ndege kabla na baada, wakazilaza moja juu ya nyingine kuona ufuko umesogea wapi na vinamasi vimechanika wapi. Huchimba shimo kwenye tope, wakaona mchanga uliotupwa na bahari umelala unene gani juu ya udongo mweusi wa zamani. Mlimani hakuna bahari, lakini mvua hufanya kazi ile ile: hula juu na kumwaga chini.

Martina alimuuliza kama kinamasi nacho huhesabiwa kimekufa, kama mtu. Mwalimu alifikiri kidogo, akasema ndiyo, na kwamba mara nyingi kinahesabiwa baada ya kuzikwa.

Akawaambia pia lililomleta. Kulikuwa na mradi wa wafadhili uliotaka kuchukua bonde moja la Uluguru na kulihudumia: kuzibua mto, kupanda miti juu, kulipa watu wa kufanya kazi hiyo, na kuwaombea amri ya kuzuia malori. Bonde lingechaguliwa kwa vipimo. Siku chache baadaye vijana wake wa kazi walipigilia nondo mteremko mzima, kutoka ukingo wa msitu mpaka juu ya matete, kila moja ikiacha nje kichwa kilichopakwa rangi nyekundu.

Hapo pakazuka maneno. Wazee walikumbuka vigingi. Miaka ya hamsini Mwingereza alikuja Uluguru na vigingi vyake, akahubiri juu ya udongo unaomomonyoka, kisha akawalazimisha watu kulima matuta ya ngazi mpaka migongo ikakatika na nchi ikachafuka. Sasa nondo hizi zina tofauti gani na vigingi vile? Baadhi walitaka zing'olewe siku hiyo hiyo. Kasiani ndiye aliyesimama. Alisema mgeni huyu hajaleta askari, amekaa kwenye mkeka wa Martina na kula magimbi yake, na kama nondo zitang'olewa basi atafutwe mwingine wa kushika lukolo badala yake. Watu wakatawanyika. Hawakukubali, walichoka tu kubishana, lakini nondo zilibaki.

Mwalimu Wilfred alimshukuru sana. Alikuwa ameonywa mjini kwamba Matombo neno mmomonyoko halitamkwi mbele ya wazee, kwa hiyo hakulitamka. Alisema tu kwamba nondo ni alama zao za kupimia, kwamba watazipima mvua zikiisha, na akamwomba Kasiani amtunzie.

"Mzee, zisipotee. Nitakazozikuta ndizo zitakazolisemea bonde hili."

"Mwalimu, nenda kwa amani," Kasiani akamjibu. "Alama ndiyo kazi yangu."

Waliagana wakiwa wameshikana mikono miwili miwili, kila mmoja akiamini ameeleweka.

Mvua ile wote waliokuwa hai wanaikumbuka. Vuli haikukatika ikaingia ndani ya masika. Nguo hazikukauka, kuni zilitoa moshi bila moto, na barabara ya kwenda mjini ilikatika vipande. Kila mvua ilipopumua Kasiani alichukua nyundo na jembe, akajifunika nailoni, akapanda mteremko. Nondo aliyoikuta imechomoza na kulegea, aliigongomea mpaka kichwa chekundu kikarudi palepale kilipoachwa. Iliyofunikwa na tope aliifukua, akaivuta juu. Udongo ulipochukuliwa na maji pamoja na nondo yake, alishuka akaitafuta kwenye mawe kama mtu anayetafuta pete, akarudi nayo. Alikuwa na kipimo chake, shubiri ya mkono wake wa kulia, aliyoipima siku zile nondo zilipopigiliwa. Martina alimkemea kwamba atakufa na homa ya mapafu kwa ajili ya vyuma vya watu. Kasiani akamjibu amwache, lukolo umeshindwa kutunza miti, angalau utunze neno.

Kisha asubuhi moja mlima ukaachia. Walisikia kishindo kirefu, kama lori linalomwaga kokoto na halimalizi. Shamba la Fidelis la kabeji liliteremka lote, likapita kwenye migomba ya katikati na kuingia bondeni. Mvua iliyofuata ikamaliza kazi. Mahali pa magimbi, mpunga na ukindu palikuwa uwanja wa mchanga na mawe, umenyooka, unang'aa, na mto ukiwa umeuacha mkondo wake na kukata njia mpya pembeni, mwekundu kama matofali. Vyura hawakusikika. Martina alisimama ukingoni na kisu chake cha kukatia ukindu mkononi. Hakulia. Alisema tu kwamba hajui aanzie wapi kutembea, kwa kuwa njia zote alizozijua zilikuwa chini ya miguu yake.

Barabara ilipofunguka mwalimu Wilfred alirudi. Ndege ya kupiga picha mpya haikupatikana, alisema. Fedha zake zimekwenda kwingine. Vimebaki vipimo vya ardhini. Alianza bondeni. Vijana wake walichimba shimo mchangani, wakachimba mpaka aliyekuwa ndani akaonekana kuanzia kifuani kwenda juu, ndipo sepeto likagonga udongo mweusi. Ulikuwa na harufu ile ile ya zamani. Ndani yake matete yalikuwa yamelala upande mmoja, bado yana weupe wa uhai kwenye mashina. Martina aliinama, akachukua bonge la udongo ule, akalishika muda mrefu.

Mwalimu alipima unene wa mchanga, akaandika, na kwa mara ya kwanza uso wake ukachangamka. Alimweleza Kasiani kwamba bonde la ng'ambo ya mlima nalo limeathirika, lakini si hivi. Kipimo hiki cha chini kikikutana na kipimo cha juu, kikaonyesha mteremko umepoteza kiasi gani, mradi hauna pa kupita, utakuja hapa. Kasiani alipita nyumbani, akavaa koti lake la kanisani, akamwongoza kwenda kwenye nondo.

Ya kwanza mwalimu aliipima kwa rula, akaangalia karatasi yake, akapima tena. Ya pili vivyo hivyo. Kwenye ya tatu alipiga goti. Palikuwa palepale udongo ulipokatika. Mizizi ya mti uliokatwa ilining'inia hewani, na katikati ya ule ukiwa nondo ilikuwa imesimama wima, kichwa chekundu juu, kama bendera ya kambi iliyokimbiwa. Kasiani alisimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni, akingoja kupongezwa.

"Mzee," mwalimu aliuliza bila kugeuka, "nondo hizi zimeguswa?"

"Hakuna aliyezigusa kwa ubaya. Mvua ilizisumbua sana, mwalimu. Nilizirudisha mwenyewe. Hakuna iliyopotea."

"Zote?"

"Zote. Shubiri moja, kama ulivyoziacha."

Mwalimu alikaa chini, pale pale kwenye udongo mbichi, na suruali yake ya mjini. Kasiani alidhani amejisikia vibaya, akamuuliza kama aletewe maji. Hapo ndipo mwalimu alipomweleza, polepole, akichora kwa kidole ardhini. Nondo haikuwekwa iilinde ardhi, wala haikuwa mpaka. Nondo ilitakiwa isimame yenyewe bila kuguswa, ardhi ndiyo iondoke. Kila upana wa kidole ambao ingechomoza ungekuwa ndio udongo uliokwenda. Sasa nondo zote zinasema kitu kimoja: kwamba mteremko huu haukupoteza hata vumbi.

Kasiani aliuangalia mteremko uliochunwa. Akaiangalia nondo.

"Lakini unaona mwenyewe," alisema.

"Naona, mzee. Nilikwambia siku ile. Kuona hakutoshi."

"Hukuniambia ziachwe."

"Sikukwambia," mwalimu alikiri. "Ningekwambia ziachwe, ungeuliza kwa nini, na ningelazimika kulitaja lile neno. Niliogopa wazee wasije wakazing'oa."

Kasiani alipendekeza aandike kwamba mkubwa wa lukolo anakula kiapo, kwenye makaburi au kanisani, popote watakapotaka, kuwa nondo zilikuwa zimechomoza. Angeonyesha kwa mkono: hii mpaka kwenye kiwiko, ile mpaka kwenye goti. Mwalimu alitikisa kichwa. Hata akiandika ukweli wote, alisema, mradi utasema vipimo vya Matombo vimeharibika, na utamwuliza kama ana vingine. Hana. Waliteremka. Alipoagana na Martina mwalimu hakumtazama usoni, na alimwachia mwavuli wake, kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Mradi ulikwenda bonde la ng'ambo. Watu wa kule walipata kazi ya kuzibua mto na miche ya kupanda, na mwaka uliofuata matete yao yalianza kurudi. Matombo ilipata malori, kwa sababu mlima ulipoanguka uliangusha na miti, na mbao za miti iliyoanguka zilikuwa rahisi.

Habari haikufichika. Vijana walimpa Kasiani jina, wakamwita Bwana Nyundo, kwanza kisogoni, halafu mbele yake. Hilo angelivumilia. Lakini siku moja alimkuta Fidelis akipima mistari mipya ya nyanya kando ya kovu la maporomoko, akamwambia aache angalau sehemu ile ipumzike. Fidelis aliweka jembe chini.

"Mjomba, wewe wa kunisema mimi? Mimi nilikata miti nikala. Wewe ulitunza chuma, na bonde la mama Martina likafa mikononi mwako."

"Na chini ya kabeji zako."

"Basi tumelizika wote," Fidelis akasema, akaokota jembe lake.

  Kasiani alirudi nyumbani, na vuli ile, kwa mara ya kwanza, masale hayakuzungukwa na mtu. Alisema miguu inauma. Martina, aliyeijua miguu yake tangu utotoni, hakumuuliza.

Martina mwenyewe alijaribu mwaka mmoja zaidi. Alipanda magimbi mchangani, yakatoka majani ya manjano, yakakauka. Alichimba visima vidogo kutafuta udongo mweusi, vikajaa mchanga kabla hajamaliza. Mwishowe binti yake Juliana alimfuata, akamchukua kwenda kukaa naye Morogoro Mjini, kwenye chumba cha uani nyuma ya karakana. Huko Martina aliuza magimbi kibarazani. Aliyanunua kwa wachuuzi, na wachuuzi waliyatoa bonde la ng'ambo. Kasiani alipokwenda kumtembelea, Martina alimchagulia moja zuri, akaligeuza mkononi, akasema ni magimbi mazuri lakini yana ladha ya kwa watu. Kisha akamuuliza wanawake wa lukolo sasa watakutana wapi, watalilia wapi, bibi harusi atasukiwa mkeka wa ukindu gani. Kasiani alikuwa akilichezea gunia lililokaa upande. Alilinyoosha, akalilaza vizuri ukutani.

Nondo hazikuwa na mwenyewe tena. Fidelis alizing'oa akampelekea fundi wa madirisha mjini, zote isipokuwa moja iliyokuwa juu kabisa, kwenye kona ambako hakuona faida ya kupanda. Ilikuwa imebaki na shubiri yake, kama Kasiani alivyoiacha.

Masika yaliyofuata hayakuwa makali, yalikuwa mvua za kawaida tu. Baada ya kila mvua Kasiani alipanda mpaka pale. Safari hii nyundo aliiacha nyumbani. Alikaa juu ya kisiki cha mkangazi akaitazama nondo. Kwanza ilizidi shubiri yake kidogo, akaipima kwa kiganja. Baadaye ziada ikamfika kwenye kifundo cha mkono, kisha katikati ya mkono. Alianza kuona alichokuwa akiambiwa. Udongo ulikuwa ukiondoka kila siku, hata siku ambazo mtu alidhani hakuna kilichotokea, na chuma kile kilikuwa kikilisema jambo hilo wazi, bila kuongeza wala kupunguza. Alifikiri kumwita mtu aje aone. Martina alikuwa mjini. Mwalimu Wilfred hakuwa na sababu ya kurudi. Waliobaki kijijini wangeuliza kama amekuja na nyundo yake.

Mwisho wa masika aliikuta imelala. Hapakuwa na shimo la kuirudishia; mahali iliposimama palikuwa mwamba mtupu, umeoshwa, mweupe. Aliisimamisha hapo kwa mazoea, ikaanguka. Akaisimamisha tena, akaiachia, ikaanguka, ikabingirika kidogo kuelekea bondeni na kusimama kwenye jiwe.

Hakuifuata.